Usahihi wa kombora: mita 100 maana yake nini?

Ukisoma kwamba kombora fulani la masafa marefu lina usahihi wa mita 100, usidhani kila linaporushwa litatua ndani ya mita 100 kutoka lilikolengwa. Madai ya wahandisi ni madogo kuliko hayo. Chora duara lenye nusukipenyo cha mita 100: nusu ya makombora yanatarajiwa kuangukia ndani yake, nusu nyingine nje. Nje kwa umbali gani, kipimo hiki hakisemi.

Upotofu huanzia mwanzo kabisa wa safari. Injini za kombora kama Minuteman III la Marekani huwaka kwa dakika tatu hivi. Zikizimika, kichwa cha nyuklia hujiendea chenyewe nje ya angahewa, kama jiwe lililokwisha kumtoka mtu mkononi, kwa kasi ya takriban kilomita 7 kwa sekunde. Kilomita 10,000 humalizika kwa nusu saa hivi. Kasi ikikosewa kwa mita 1 tu kwa sekunde pale injini inapozimika, kichwa hupotoka kilomita kadhaa. Ongeza upepo wakati wa kushuka, na nguvu ya mvutano ya dunia ambayo hailingani kila mahali. Makombora ya V-2 ambayo Ujerumani iliirushia London mwaka 1944 yalitoka umbali wa kilomita 300 hivi tu, na bado yalikuwa yakikosa shabaha kwa kilomita nyingi.

Kuna jambo ambalo takwimu za usahihi hulipita kimyakimya. Marekani huyajaribu makombora yake kwa kuyarusha kutoka Vandenberg, California, kuelekea Kwajalein katika Visiwa vya Marshall, yaani upande wa magharibi juu ya Pasifiki. Yakirushwa kuelekea Urusi yangepita upande wa Ncha ya Kaskazini, njia ambayo hayajaribiwi. Duara laweza kuwa dogo na bado lote likawa limesogea pembeni ya shabaha.

Kwa nini basi kuhangaikia mita wakati bomu lenyewe linaangamiza mji? Kwa anayelenga mji, mita hizo hazina uzito. Zina uzito kwa anayelenga handaki la zege ambamo adui ameweka kombora lake. Hapo hesabu inashangaza: ukipunguza nusukipenyo cha duara kwa nusu, faida yake ni sawa na kulifanya bomu liwe na nguvu mara 8. Ndiyo maana mataifa makubwa yaliacha kushindana kwa mabomu makubwa zaidi, yakageukia vifaa vya kuongozea. Mwaka 1970 Marekani ilipoanza kuweka Minuteman III, kila moja likiweza kubeba vichwa vitatu vinavyokwenda shabaha tofauti, kombora moja likawa na uwezo wa kutishia mahandaki matatu.

Hatari iko hapa, na kwa maoni yangu haisemwi vya kutosha: usahihi ambao jeshi moja linauona kuwa ufanisi, upande wa pili unauona kuwa maandalizi ya kushambuliwa kwanza. Anayejua kwamba makombora yake yanaweza kuangamizwa yakiwa bado ardhini hushawishika kuyarusha mara tu rada au setilaiti zinapotoa tahadhari, kabla hajathibitisha lolote. Septemba 26, 1983, setilaiti za Kisovieti ziliripoti makombora matano yakija kutoka Marekani. Luteni kanali Stanislav Petrov, aliyekuwa zamu, aliamua kuiripoti kuwa tahadhari ya uongo. Ilikuwa miale ya jua iliyoakisiwa na mawingu.

Ngao ya kudungua makombora inaonekana kama dawa ya haya yote, na mtu asiyefuatilia mambo haya atauliza ni nani anayeweza kuchukia ngao. Jibu ni yule ambaye usalama wake unategemea uwezo wa kulipiza kisasi. Ngao dhaifu haiwezi kuzuia shambulio kamili, lakini huenda ikazuia masalia ya makombora ya nchi ambayo tayari imepigwa. Kwa sababu hiyo, Mei 1972 Rais Nixon wa Marekani na kiongozi wa Kisovieti Brezhnev walitia saini mjini Moscow mkataba wa kuzibana ngao hizo. Marekani ilijiondoa Juni 2002.

Tangu hapo imeweka makombora 44 ya kudungulia, mengi yakiwa Fort Greely, Alaska, na machache Vandenberg. Katika majaribio yaliyopangwa, yamefaulu zaidi kidogo ya nusu ya mara. Tuseme moja lina nafasi ya nusu kwa nusu. Manne yakirushwa kwa kichwa kimoja, kwenye karatasi nafasi ya kukidungua hufika asilimia 94, na akiba yote inatosha vichwa 11. Hesabu hiyo inadhani kila moja linashindwa kwa sababu yake. Adui akitoa maputo yanayofanana na kichwa halisi, ambayo huko juu pasipo hewa huruka kwa kasi ileile, yote manne yanaweza kudanganyika kwa pamoja.

Hata ngao dhaifu namna hiyo hujibiwa. Machi 2018 Putin alitangaza silaha mpya, ikiwemo Avangard inayobadili mwelekeo njiani, akisema wazi kwamba ni jibu kwa ngao ya Marekani. Mwaka 2021 picha za setilaiti zilionyesha China ikichimba mamia ya mahandaki ya makombora katika majangwa ya Gansu na Xinjiang. Mahandaki yakiwa mengi kiasi hicho, anayetaka kuyamaliza yote analazimika kutumia vichwa vingi, hata vikiwa sahihi namna gani.