Panya mdogo humla albatrosi mkubwa

Wengi huamini kuwa panya hawezi kumdhuru ndege mkubwa kuliko yeye, labda kumwibia mayai tu. Si kweli. Katika kisiwa cha Gough, Atlantiki ya Kusini, panya wa nyumbani walioletwa na meli karne ya 19 huwala makinda wa albatrosi wa Tristan, ndege wa bahari, wakiwa hai. Kinda ana kilo kadhaa, panya ana makumi machache tu ya gramu, lakini panya huja usiku, wengi kwa pamoja, na kumtafuna kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kinda hajitetei wala hakimbii, kwa kuwa jamii yake iliishi hapo enzi na enzi bila mamalia wa nchi kavu. Inasikitisha sana.

Panya ni mamalia, oda ya wagugunaji. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe walio hatarini kutoweka, haimhesabu kuwa hatarini. Albatrosi wa Tristan ni ndege mwenye mabawa ya takriban mita 3, naye yuko hatarini kabisa kutoweka: karibu wote huzaliana Gough, na jozi hutaga yai moja tu, kwa kawaida kila baada ya miaka 2. Mwaka 2021 panya waliwekewa sumu kisiwa kizima, lakini baadhi walinusurika.