Ukirudia unga, ARV zisisimame

Mtu anayeishi na VVU akirudia heroini, yaani unga, baada ya kukaa nayo mbali, hatari mbili humjia kwa pamoja. Ya kwanza, kuzidiwa na dozi, kila mtu maskani anaijua. Ya pili huja kimyakimya: anaacha ARV siku ileile, ama kwa aibu ya kuonekana kliniki, ama kwa kuamini kwamba dawa na unga zitapigana mwilini.

Hazipigani. Kidonge ambacho wengi Kenya wanakunywa sasa mara moja kwa siku, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, hakina mgongano wa hatari na heroini wala methadoni, dawa inayonywewa kliniki badala ya heroini. Kwa hivyo hata siku uliyovuta, kunywa. Ukikumbuka jioni kwamba cha asubuhi kimekupita, kimeze papo hapo. Ikiwa dozi inayofuata iko chini ya saa 4 mbele, kiruke, na usimeze viwili kwa mpigo. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye magnesiamu au aluminiamu ndizo zinazoizuia dolutegraviri isiingie mwilini, basi ARV itangulie kwa saa 2 au ifuate baada ya saa 6.

Mgongano wa kweli uko kwingine. Efavirenzi na nevirapini, ambazo ni ARV nyingine, hushusha methadoni kwenye damu, arosto (maumivu ya kukosa unga) ikamkamata mtu kabla dozi ya kesho haijafika, akarudi kwenye kete ya unga huku akilaumiwa hana nia. Rifampicini ya TB inafanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu, na ikitumika, dolutegraviri nayo huhitajika mara mbili kwa siku. Dirisha la methadoni na dirisha la ARV lazima yote mawili yajue unachomeza. Aliye kwenye ARV zenye ritonaviri ajihadhari zaidi na bugizi (vidonge vya usingizi kama Rohypnol), kwa sababu ritonaviri huifanya ikae mwilini muda mrefu na kwa kiwango cha juu.

Sasa dozi. Mwili husahau unga upesi kuliko kichwa. Kete iliyokuwa ya kawaida mwezi wa Shaabani inaweza kumuua siku ya Idd mtu aliyejizuia Ramadhani nzima, na ni hivyohivyo kwa aliyetoka rumande, wodini au kwenye nyumba ya kurekebishia tabia. Ninachoshauri: robo ya kiasi cha zamani au chini yake, kuvuta badala ya kujidunga, pombe na bugizi zikae kando kabisa, na mwenzako awe macho. Mlango usitiwe komeo. Chooni, kwa ndani, ndiko mtu huzima bila wa kumfikia.

Akizidiwa hukoroma kwa kina au pumzi hupotea, midomo na kucha hugeuka kijivu, na hata ukimsugua kifua kwa ngumi haamki. Kumwagia maji, kumnywesha maziwa na kumdunga maji ya chumvi ni kupoteza dakika, na maziwa yanaweza kumpalia. Piga kelele upate msaada, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, ikiwepo, mdunge miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, urudie baada ya dakika 2 hadi 3 ikiwa hajapumua. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90 ilhali methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndiyo maana hata aliyeamka na kutukana watu apelekwe hospitali.

Kwa anayejidunga, bomba la sindano jipya kila mara halitoshi: kijiko, pamba na maji pia visiwe vya kushirikiana, maana virusi vya homa ya ini aina ya C hukaa wiki kadhaa ndani ya bomba. Na ndimu iacheni. Unga wa kahawia huhitaji asidi ili uyeyuke, lakini maji ya ndimu, hasa iliyokatwa ikakaa mezani, hubeba kuvu inayosafiri kwa damu hadi kwenye jicho. Jicho likiuma au likiona ukungu siku chache baadaye, hiyo ni dharura. Chembe ya vitamini C ya unga kutoka pakiti safi ni afadhali. Unga mweupe hauhitaji asidi.

Kuna wanaodhani virusi vikiwa havionekani kwenye kipimo, sindano nayo ni salama. Uhakika huo ni wa ngono tu. Kudungana damu ya aliyekwisha jidunga ili kutuliza arosto, jambo lililoripotiwa Dar es Salaam mwaka 2005, hakuleti nafuu ya maana, ila virusi vinapita. Mwenzako asiye na VVU akitumia bomba lako, aanze dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya VVU, mapema, ndani ya saa 72, azimeze siku 28.

Aliye kwenye methadoni akikosa siku 3 mfululizo, dozi yake hupimwa upya kabla hajapewa. Kwa waliokuwa wakija kliniki ya Malindi, iliyofunguliwa mwaka 2015, ushauri ni uleule: rudi, na kama umetumia asubuhi hiyo, sema kabla ya kikombe kujazwa. Methadoni kamili juu ya heroini ndiyo husimamisha pumzi, na mfamasia asiyeambiwa hana jinsi ya kujua.