Kodi ya hitilafu ya injini haikutajii kifaa cha kununua

Mteja aliniletea gari lenye taa ya injini, na mkononi ameshika sensa mpya ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, ambayo bado iko kwenye boksi. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilifungwa, kodi (namba ya hitilafu inayotunzwa na kompyuta ya gari) ikafutwa, na taa ikarudi baada ya siku tatu. Kodi yenyewe ni P0171.

Maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli kwenye mchanganyiko. Basi. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa hiyo, nayo ilikuwa inasema kweli.

Kabla ya kugusa spana nilitazama kwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari ni petroli kiasi gani inaongezwa kuliko kawaida. Gari likiwa limesimama injini ikinguruma, kompyuta ilikuwa inaongeza asilimia 24. Nilipokanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika ikashuka hadi 7. Hapo nikajua hewa inavuja kuingia ndani, kwa sababu tundu lilelile huonekana kubwa injini inapovuta hewa kidogo, na likamezwa inapovuta nyingi. Nilipapasa mipira ya hewa mmoja mmoja. Mmoja mwembamba, nyuma kabisa ya injini, ulikuwa umepasuka chini ya kibano, mahali ambapo jicho halifiki. Nikaubana kwa vidole viwili, injini ikatulia palepale. Tukabadilisha mpira, sensa ikarudi dukani.

Ndiyo maana naumia nikisikia fundi amefuta kodi kwanza ndipo apime. Kompyuta huhifadhi hali ya injini wakati kasoro ilipotokea: joto, mwendo, mzigo. Ukifuta, ushahidi huo unapotea, na kwa magari mengi hata ukichomoa betri.

Taa ikiwaka bila kupepesa, na gari linavuta kawaida, endesha taratibu na ulipeleke likapimwe. Angalia tu kwamba joto halijapanda na taa ya oili haijawaka. Joto likipanda au taa ya oili ikiwaka, simama mahali salama uzime injini. Mfuniko wa tangi usiokazwa vizuri nao huwasha taa ya injini. Ukaze, kisha uipe taa siku chache izime yenyewe.

Taa ikipepesa, mambo ni mengine. Injini inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma petroli yake vizuri, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya katalaiza, kile kisafisha moshi kilichoko kwenye ekzosi. Kinaweza kuyeyuka. Punguza mwendo mara moja, tafuta mahali salama, usimame. Mara nyingi chanzo ni plagi au koili inayoipa plagi umeme, na vyote viwili ni rahisi kuliko katalaiza.