Kimbunga kikitangazwa: namna ya kuandaa mashua iliyo nangani

Mabaharia wengi wa pwani yetu huanza kuihesabu hatari pale tanga linapotwekwa. Chombo kikishatia nanga, moyo hutulia. Lakini kimbunga kilichoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 kilivikuta vyombo bandarini, na meli za Sultani Barghash pamoja na majahazi mengi viliangamia pale pale mbele ya mji. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikatua Mafia. Vyote vitatu vilikuja masika, kaskazi ikiwa imechoka na kusi haijashika vizuri. Kwa kuwa vimbunga ni nadra kwetu, kijana anayerithi mashua ya babaye mara nyingi harithi ujuzi wa kuikinga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, kazi ianze siku hiyo hiyo. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne: upepo wa kilomita 80 kwa saa huilemea mashua mara nne kuliko ule wa 40. Kila kinachosimama juu ya chombo kinaiongezea nanga mzigo. Tua foromali, yaani boriti inayobeba tanga, ufungue tanga na ulipeleke nyumbani kabisa, kwa sababu tanga lililoviringishwa tu na kuachwa juu upepo hulifumua pole pole hadi lote likapepea. Turubai la kivuli, nyavu, mashine na tangi la mafuta vishuke pwani. Ngalawa ing'olewe mlingoti, ikokotwe juu kupita alama ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mbali na minazi.

Sasa kamba, na hapa nawaomba mtulie nami kidogo, kwani vyombo vingi hupotea kwa kamba kuliko kwa ubao. Shika kamba ya nanga pale inapolalia ukingo wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, uifinye kwa vidole. Ikiwa na manyoya, au nyuzi zake zimekauka na kukatika kwa jua, haifai kwa usiku wa tufani hata kama wiki nzima imeshikilia. Kamba nzima nayo hulika pale pale, chombo kinapoinuka na kushuka saa baada ya saa. Ivishe kipande cha mpira wa kumwagilia maji au gunia lililokunjwa mara kadhaa, kisha ufunge vazi hilo kwenye kamba yenyewe, lisogee nayo. Chini, karibu na nanga, weka mnyororo: matumbawe hukata kamba, na uzito wa mnyororo huifanya nanga ivutwe kwa ulalo badala ya kung'olewa kwenda juu.

Urefu upimwe kwa maji yaliyojaa. Kwetu bamvua hupandisha maji karibu mita 4. Mahali penye kina cha mita 2 maji yakipwa, yakijaa pana 6. Ongeza mita 1 ya omo juu ya maji, unapata 7. Kwa tufani toa kamba angalau mara saba ya hapo, yaani mita 49 au zaidi. Anayetoa mita 20 kwa kuwa asubuhi aliona mchanga chini ataikuta mashua ufukweni. Kamba ndefu inataka nafasi, kwa hiyo zungumzeni na majirani mapema, mtawanye vyombo visije vikapondana. Na mwisho wa kamba usiufunge kwenye ubao wa kukalia. Ufunge kwenye shina la mlingoti, lililoshikana na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo.

Upepo nao hugeuka. Upande wetu wa kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama akrabu za saa. Kikija kutoka mashariki na kupita kaskazini yako, utapigwa kwanza na upepo wa kusini, kisha wa mashariki, mwishowe wa kaskazini. Ghuba iliyokukinga jioni inaweza kukugeukia usiku. Ndiyo maana napendelea hori la mikoko, yaani mkono mwembamba wa bahari uingiao nchi kavu, kuliko bandari iliyo wazi: ingiza mashua ndani, uishike kwa kamba pande zote nne, ukizilegeza kidogo maji yapate kupanda. Mikoko yenyewe isikatwe.

Fua maji yote ya ngama, yaani yaliyokusanyika chini ndani ya chombo, ziba panapovuja, halafu shuka. Asibaki mtu chomboni kulinda, na asiogelee mtu kwenda kuokoa mashua iliyokatika. Upepo ukikatika ghafla, subirini taarifa rasmi, kwa maana huenda mko katikati ya kimbunga na upande wa pili bado unakuja. Tahadhari ikiondolewa, kabla ya kurudisha tanga, vuta kamba yote juu na uikague tangu omo hadi nangani.