Mfupa umeunga, mkono bado unawaka

Anayeteleza bafuni au kuanguka na bodaboda hutanguliza kiganja, na mara nyingi kinachovunjika ni mfupa wa kigasha upande wa dole gumba, karibu na kifundo cha mkono. Kwa kawaida plasta ngumu, ile POP, hutolewa baada ya wiki sita hivi na maumivu huzidi kupungua. Wako wachache ambao eksirei inaonyesha mfupa umeunga vizuri, lakini hata upindo wa khanga ukigusa mkono wanaruka.

Wagonjwa hawa huambiwa wanadeka. Wengine hupelekwa kwa mganga. Huu ni ugonjwa halisi: sindromu ya maumivu changamano ya kiungo. Mwaka 1900 Paul Sudeck, daktari wa upasuaji wa Hamburg, alieleza jinsi mifupa ya kiungo cha namna hii inavyopungua uimara, na hadi leo wapo madaktari wanaouita kwa jina lake.

Baada ya jeraha, ncha za neva humwaga kemikali zinazoleta uvimbe na joto. Hali hiyo ilipaswa kutulia. Kwa wagonjwa hawa haitulii: uti wa mgongo na ubongo huendelea kukuza kila taarifa inayotoka mkononi, hata mguso mwepesi ukasomeka kama maumivu. Neva zinazosimamia mishipa ya damu na jasho nazo huvurugika. Ndiyo maana mkono huvimba, leo wa moto kesho wa baridi, hutoa jasho peke yake, kucha na vinyweleo hubadilika, vidole vikakakamaa. Vitabu vingi husema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Weka mikono yote miwili sambamba, utazame upi unang'aa au umebadilika rangi.

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha. Daktari huuliza, hukagua, na kuondoa sababu nyingine. Wanawake hupata zaidi ya wanaume, hasa waliokoma hedhi. Dalili ya kuchukulia kwa uzito ni maumivu ya wiki ya kwanza yanayofika 5 au zaidi kwenye kipimo cha 0 hadi 10.

Hapa nisisitize jambo. Maumivu yakizidi ndani ya plasta, vidole vikavimba, vikafa ganzi au kubadilika rangi, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Huenda plasta inabana na kuzuia damu, na panadoli haitalegeza plasta.

Vinginevyo, tangu siku ya kwanza kunja na kunyoosha vidole, inua bega, kunja kiwiko. Mkono unaofichwa kifuani wiki nzima hukakamaa. Vitamini C, miligramu 500 kwa siku 50, madaktari wengine huiandika kama kinga, ingawa tafiti zimepingana. Kuchuliwa kwa nguvu na kukandwa maji ya moto sizipendekezi kabisa.

Ugonjwa ukishaingia, dawa za maumivu ya neva husaidia mgonjwa aweze kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo tiba yenyewe. Mtaalamu wa fiziotherapia humzoesha ngozi kuguswa, kwa pamba kwanza, kisha taulo. Kioo nacho hutumika: mkono mgonjwa unakaa nyuma yake, mzima mbele, na mgonjwa anausogeza ule mzima huku akitazama taswira yake, kana kwamba yote miwili inacheza bila maumivu. Kioo cha kawaida cha nyumbani kinatosha, mradi mtaalamu amekuelekeza kwanza.