Kubana kwa kuchagua: namna ya kuiingiza Buguruni kwenye ubao wa mita mbili

Kwenye ufundi wa treni za mfano, kubana kwa kuchagua ni kupunguza mahali halisi mpaka paenee kwenye ubao ulionao, bila kupunguza kila kitu kwa kiasi kimoja. Vitu vingine vinabaki na kipimo chake sahihi, vingine vinafupishwa, vingine vinatupwa kabisa. Tuseme umeiga mtaa wa Dar es Salaam: mtu anayeviona vilivyobaki anatakiwa aseme, "Hapa si Buguruni kwa Mnyamani?" Akiuliza ni wapi, basi hata kama hesabu zako ni sahihi kwa milimita, kazi bado.

Wengi wanaoanza hudhani skeli inatosha. Unachukua mahali, unagawa kwa namba, unajenga. Tujaribu basi. Skeli inayotumika zaidi duniani inaitwa HO, nayo ni 1:87, yaani kitu cha kweli cha sentimita 87 kinakuwa sentimita moja. Kwa hesabu hiyo kilomita moja ya reli inataka mita 11.5 za ubao. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ina kilomita 1,250 hivi. Kwa HO ingezidi kilomita 14, karibu sawa na kupanda mwendokasi Kivukoni ukashukie Kimara. TAZARA yenye kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi ingekula zaidi ya kilomita 21. Ukikimbilia skeli ndogo ya N, 1:160, kilomita moja bado inadai mita 6 na robo. Ukuta wa mita tatu wa chumba cha kupanga Sinza utakupa mita 480 za reli, na hapo kitanda kimeshahamia sebuleni.

Skeli hupunguza ukubwa wa vitu. Umbali kati ya vitu hivyo ni suala jingine, na ndiko kubana kunakofanya kazi.

Kuna vitu havibanwi. Hivi ni vile ambavyo mwili wa mtu unavijua kwa mazoea: mlango, ngazi, behewa, mtu mwenyewe. Kwa HO mtu mzima ana urefu wa sentimita mbili, na Coaster ya daladala ina kama sentimita nane. Ukipunguza mlango wa duka ili duka lienee, jicho linakukamata papo hapo, hata la mtoto ambaye hajawahi kusikia neno skeli.

Geji nayo haibanwi, yaani upana kati ya reli mbili, na hapa Dar ina utamu wake. Ni miji michache yenye geji tatu. Reli ya zamani ya TRC, shirika la reli la taifa, ni ya milimita 1,000. TAZARA ni ya milimita 1,067, kwa sababu ilijengwa iungane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika, ndiyo maana mizigo ya kutoka reli moja kwenda nyingine huhamishwa Kidatu badala ya behewa kupitiliza. SGR, reli mpya ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mpaka Morogoro Juni 2024, ni ya milimita 1,435. Sasa gawa kwa 87. SGR inatoka milimita 16.5, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya HO. Reli ya TRC inatoka 11.5, TAZARA 12.3. Zote mbili unaweza kuziweka kwenye njia ya milimita 12, ambayo inauzwa tayari kwa ajili ya wanaoiga reli nyembamba za Uswisi, na tofauti iliyobaki haizidi nusu milimita hivi. Kwa hiyo ubao mmoja wa Dar unahitaji aina mbili za njia tu, na mtu anayejua reli ataona mara moja kwamba ile ya kisasa ni pana kuliko za zamani. Kwangu mimi tofauti hiyo ya upana inaonyesha Dar kuliko minazi kumi.

Baada ya hapo kisu kinaruhusiwa. Anza na treni. Treni ya mabehewa 12 ya mita 20 kila moja, pamoja na kichwa cha mita 16, ina mita 256. Kwa HO ni karibu mita tatu. Ifanye ya mabehewa manne, inashuka hadi mita 1.1. Hakuna atakayelalamika, kwa sababu watu hawahesabu mabehewa; wanaangalia kama treni inaonekana ndefu kuliko vitu vilivyo kando yake. Kumbe basi ukifupisha treni, fupisha na jukwaa la stesheni, la sivyo treni yako itaonekana imepotea njia.

Tuchukue Buguruni kwa Mnyamani sasa, kituo cha treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo wakazi waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule wakaiita treni ya Mwakyembe. Tuseme unataka mita 400 za hapo. Kwa HO ni mita 4.6. Ubao wako una karibu mita mbili, tuseme 1.8. Kosa la kwanza la fundi mpya ni kupunguza kila kitu kibaki na asilimia arobaini. Matokeo yake ni nyumba nyembamba kama makasha ya viatu, barabara ambayo bodaboda haipiti, na kituo cha kusimamia watu wanne.

Mwenye kubana vizuri anaanza na swali tofauti: nikifumba macho, naona nini kwanza? Mimi naona mabati yenye kutu yaliyofika karibu kabisa na tuta la reli, barabara inapokatiza njia, meza za biashara zinazoanika bidhaa hatua chache kutoka kwenye mataruma, na watu wanaotembea relini kama vile ni barabara ya mtaa. Hivyo vinne vinabaki kwa kipimo kamili. Safu ya nyumba kumi na nne inakuwa nyumba tano, ila zile tano zisifanane. Kipande cha njia kisicho na kitu kinatupwa chote. Nyumba za mstari wa nyuma zinakuwa kuta tu za unene wa sentimita tatu, zimebandikwa kwenye ubao wa mandhari, maana hakuna mtu atakayezunguka kuona jikoni.

Kitu kimoja usikiguse hata ukibanwa vipi: mpangilio. Kama kwa anayetoka mjini meza za nyanya zinatangulia kabla ya barabara, kwenye ubao zitangulie. Mkazi wa mtaa anasamehe umbali uliofupishwa, lakini ukimhamishia genge upande wa pili anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata akishindwa kukitaja. Kubana ni kama kuchora kibonzo cha mtu: pua unaweza kuikuza, lakini huiweki chini ya mdomo.

Vitu vinavyojirudia ndivyo rahisi kupunguza. Jengo la zamani la Stesheni, la enzi ya Mjerumani, lina madirisha yaliyopangana kwa safu. Ukiwa na safu ya kumi na moja, weka saba. Safu ikiwa na idadi ya witiri, punguza ibaki witiri, ili dirisha la katikati libaki katikati. Ukitoka kumi na moja ukaenda nane, sura ya jengo imeharibika. Njia za yadi vilevile: tatu zinatosha kumwambia mtazamaji kwamba hapa pana yadi, kwani jicho likishaona njia zaidi ya mbili linaacha kuhesabu.

Urefu wa kwenda juu nao unabanwa, na watu wengi husahau. Mnazi wa mita 20 kwa HO ni sentimita 23. Ukiusimamisha karibu na behewa lenye kimo cha sentimita nne na kitu, treni inageuka mdoli. Ushushe hadi sentimita 14 au 15. (Makuti mazuri yanatokana na manyoya ya kuku: unapunguza kingo kwa mkasi, unaupinda unyoya taratibu kwenye uti wake, unachovya shina kwenye gundi, unapaka kijani iliyofifia. Kijani ya dukani inang'aa mno.) Majengo marefu ya mjini ndiyo kabisa. Minara pacha ya PSPF, ghorofa 35, ingezidi mita moja na nusu. Hiyo unaichora kwenye ubao wa nyuma, au unaitengeneza kwa skeli ya N na kuisimamisha mbali, jicho lidhani ni umbali ndio umeipunguza.

Kona zinahitaji uangalifu kuliko vyote. Njia za HO za kuunganisha huuzwa zikiwa na kona ya nusu kipenyo cha sentimita 44 hivi. Zidisha kwa 87: mita 38. Treni ya kweli ya abiria kwenye njia kuu haiwezi kukunja hivyo. Kwa ubao mwembamba wa ukutani, ushauri wangu ni kuachana na kona kali, au kuzificha nyuma ya jengo. Badala yake laza njia kwa mshazari kidogo isiwe sambamba na ukingo wa ubao. Kwa hila hiyo ndogo mita mbili huonekana ndefu zaidi.

Na dunia iliyobaki je? Pugu, Morogoro, Kigoma, hizo zote zinakaa kwenye njia mbili tatu zilizofichwa nyuma ya mandhari, ambako treni hupumzika kabla ya kurudi. Treni inapotoka nyuma ya ukuta wa mabati, kwa mtazamaji imetoka bara. Sehemu hiyo haina nyumba wala kokoto, na haihitaji.

Muda nao unabanwa. Inabidi uchague mwaka. Ukichagua 2012, upande wa Gerezani na Kamata nguzo za zege za SGR hazitakiwi kuonekana, maana ujenzi wake ulianza 2017. Kuchanganya si dhambi, ubao ni wako, lakini anayejua atakuuliza.

Rangi ya ardhi inawaangusha wengi wanaotegemea picha za vitabu. Udongo mwekundu ni wa bara. Dar ni mchanga wa kijivu na kahawia hafifu. Usichote ufukweni, kwa sababu chumvi hula chuma. Nunua mchanga wa ujenzi kidogo, uoshe, uanike, uuchekeche kwa chujio la chai. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni juu yake, kwa kuwa punje nyeusi zenye chuma hunaswa na sumaku ya mota ya kichwa cha treni na kuiharibu. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo inashika kila kitu. Kwa hewa yetu ya pwani, MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, huvimba ikipata unyevu. Plaiwudi iliyopakwa vanishi pande zote mbili hustahimili zaidi.

Kuna namna nyingine ya kubana ambayo haihusu umbali bali kazi, na kwa asiye na nafasi hiyo ndiyo ningeanza nayo. Mwingereza Alan Wright alibuni mpango mdogo uitwao Inglenook: njia tatu zinazogawanyika kutoka moja, ya kwanza inaingiza mabehewa matano, mbili zilizobaki matatu matatu, na kipande cha mbele kinaingiza kichwa na mabehewa matatu. Unaweka mabehewa manane, unachagua matano kwa bahati nasibu, unatakiwa uyapange kwa mpangilio ule ule uliotoka. Kwa mabehewa manane inawezekana kupata mipangilio 6,720, kwa hiyo huchoki upesi. Ukiipa sura ya bandarini, kila behewa likibeba kontena la futi 40, ambalo kwa HO ni sentimita 14, mpango mzima unaenea kwenye ubao wa karibu mita mbili. Nyuma unahitaji ukuta wa ghala na picha ya winchi. Mbele, lori moja linalosubiri mzigo na dereva aliyelala chini yake.