Yanayosemwa Malaba kuhusu Harrier mpya

Foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiyo baraza letu. Sisi tunaotoa magari bandarini Mombasa na kuyafikisha Kampala kwa magurudumu yake yenyewe, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, tunakaa pale muda mrefu tukingoja karatasi, na asiye na kazi hakosi maneno. Zamani maneno yalikuwa ya Premio na Prado. Siku hizi ni ya Toyota Harrier ya kizazi cha nne, ile iliyotoka Japani mwaka 2020, yenye mgongo ulioinama na taa za nyuma nyembamba kama uzi. Inatufikia ikiwa imeshatumika, ila kwetu inaitwa mpya, na kuna baba wa familia pale Kira, jirani na Kampala, aliye tayari kuuza kiwanja ili aipate.

Nimezileta nyingi. Ninachokiona ni kwamba watu wanaiogopa kwa mambo yasiyoiua, na yale yanayoiua wala hawayaulizi.

"Haina ndege mbele, hiyo si Harrier"

Harrier za nyuma zilikuwa na nembo ya ndege wa jamii ya mwewe kwenye pua. Waganda, ambao hawashindwi kulipa gari jina, wakaliita gari lenyewe Kawundo, yaani popo. Sasa mtu akifika bondi, yadi ya magari yaliyoagizwa, na kukuta nembo ya kawaida ya Toyota, anadhani ameletewa gari la kuungaunga. Ukweli ni kwamba Toyota wenyewe walimwondoa ndege huyo kwenye pua ya kizazi hiki.

Ndugu ya dhana hiyo ni ile ya "Harrier ni Lexus iliyobadilishwa jina". Hapo mtu amechelewa tu. Harrier ya kwanza ya 1997 na ya pili ya 2003 ndizo zilizouzwa nchi za nje kama Lexus RX. Kuanzia ya tatu, mwaka 2013, kila mmoja alishika njia yake. Hii ya nne chini yake ni RAV4: msingi uleule, na umbali uleule wa milimita 2,690 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Marekani iliuzwa kwa jina la Venza. Hilo lina faida Kisekka, soko la spea Kampala: ukitafuta spea nyingi za chini na za injini, uliza pia za RAV4 ya kizazi hicho. Ukisisitiza "za Harrier tu", utauziwa jina.

"Haibridi? Betri ikifa, umenunua gari mara mbili"

Hapa ndipo chai hupoa watu wakibishana. Kwanza wako wanaoamini kwamba gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme, huchomekwa ukutani usiku, na umeme ukikatika umelala njiani. Haibridi hii ya kawaida haina hata pa kuchomeka. Injini inaichaji betri, na kila unapokanyaga breki mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme ndani. Toyota wameuza magari ya namna hii tangu Prius ya 1997, na Harrier yenyewe ilipata haibridi mwaka 2005. Si jaribio wanalotufanyia sisi.

Pili, kifo chenyewe. Betri kubwa imeundwa kwa seli nyingi, na kwa kawaida huchoka polepole. Lakini kuna jambo linalotokea mara kwa mara bandarini ambalo limeipa jina baya. Gari limekaa melini, likakaa tena uwanjani wiki kadhaa, na ile betri ndogo ya volti 12, inayowasha kompyuta na kufungua milango, imekwisha chaji. Unabonyeza kitufe, dashibodi inapepesa kidogo kisha giza. Mara unasikia kelele: "Betri ya haibridi imekufa!" Tunaigusisha na betri ya gari jingine, maandishi ya READY yanatokea, tunaondoka. Kinachobaki kwa yule aliyepiga kelele ni hadithi, naye atafika nayo hadi Kampala.

Betri kubwa ina adui yake wa kweli, tena tunaye wa kutosha: vumbi. Iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka mle mnamokaa watoto. Penye tundu la kuvuta hewa kuna kichujio. Vumbi jekundu likikijaza, au mtu akiliziba tundu kwa blanketi na begi la shule, betri inapata joto, na joto ndilo linaloizeesha. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache. Kila ninayemkabidhi gari la haibridi namwonyesha kwa kidole, kwa sababu najua makanika wengi huosha injini ikang'aa na hawajui kama tundu hilo lipo.

Na maji? Mtaa wa Bwaise, Kampala, ukifurika, hakuna atakayepigwa shoti akiwa kitini. Nyaya zenye umeme mkubwa ni zile za rangi ya chungwa, zimefunikwa, na mfumo ukihisi umeme unavuja hujikata wenyewe. Ila injini ikinyonya maji imekwisha, ya haibridi na ya petroli sawa. Usiingie.

"Injini ya 2.5 inakunywa kuliko ya 2.0"

Kwa magari ya baba zetu, ndiyo. Hapa mambo yamepinduka, kwa sababu ile ya lita 2.5 ndiyo haibridi. Kwa WLTC, kipimo cha matumizi ya mafuta cha Japani, ya petroli ya 2.0 inakwenda kilomita 15.4 kwa lita, au 14.7 ikiwa inasukuma magurudumu yote. Ya haibridi ni 22.3, au 21.6. Usitarajie namba hizo kwenye foleni ya Wandegeya, Kampala, saa kumi na moja jioni, lakini tofauti kati ya gari na gari ipo, na kwenye foleni ndiyo inazidi: wenzako wanachoma mafuta wamesimama, wewe injini imezimika na unasogea kwa umeme. Ukiingia barabara ya Masaka ukashika mwendo mmoja hadi Kayabwe bila kugusa breki, faida inapungua, maana breki ndiyo iliyokuwa ikikurudishia umeme. Anayeishi Mbarara na kufanya safari ndefu peke yake, ile ya petroli bado ina hoja.

Wako pia wanaosema haibridi haipandi milima ya Kabale. Haibridi inatoa nguvu za farasi 218 hadi 222 kwa jumla, ya petroli 171. Kupanda si shida. Kushuka ndiko kunakohitaji akili: ukiteremka Kanaba kuelekea Kisoro, betri inajaa kabla hujafika chini, na ikijaa haina tena pa kuweka umeme, hivyo mota inaacha kukusaidia kufunga breki kama mwanzo. Punguza gia mapema, injini ilishike gari, usilale kwenye kanyagio.

"CVT zote ni mbovu"

CVT ni gia ya otomatiki isiyo na hatua. Ya haibridi inaitwa hivyo kwa karatasi tu. Ndani hamna mkanda, ni meno ya gia yanayozungukana pamoja na mota mbili. Ya petroli ndiyo yenye mkanda, na hata hiyo wameiwekea gia halisi ya kuondokea ili mkanda usibebe mzigo mzito gari linapoanza. Wanaoziua ni wale wanaotia oili yoyote ya gia ya otomatiki iliyo nyekundu, na wale walioambiwa oili ya CVT haibadilishwi maisha yote. Maisha yote ya nani?

"Afrika kuna joto, weka oili nzito"

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watu tunaowaamini. Injini zote mbili za gari hili zimetengenezwa kwa oili nyepesi ya 0W-16, ukiikosa, 0W-20. Makanika wa chini ya mwembe anaishika, anaona inamiminika kama maji, anacheka, anafungua dumu la 20W-50. Nilimletea mteja gari safi, baada ya huduma ya kwanza kwa fundi wake wa miaka yote akanipigia: "Kaka, gari limekuwa zito, na asubuhi linagonga." Nikamuuliza ameweka oili gani. Akanyamaza kwanza.

Namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi, ya pili inavyotiririka injini ikiwa imepata joto. Injini iliyopoa asubuhi ya Kampala bado ni ya baridi ukiilinganisha na nyuzi 90 inazofanyia kazi. Njia za oili humu ni nyembamba, na vifaa vinavyobadilisha muda wa vali vinaendeshwa na oili hiyohiyo. Kwenye haibridi, injini inazima na kuwaka mara kadhaa kati ya Nakawa na Clock Tower, na kila ikiwaka inataka oili iwe imeshafika juu. Uji haukimbii hivyo.

"Ni four-wheel, itafika popote Prado inapofika"

Kwanza angalia kama kweli inasukuma magurudumu yote, maana Japani ziliuzwa pia za mbele tu, na kwa nje si rahisi kuzitofautisha. Dalali atakuambia ni four-wheel kwa sababu ni ndefu kwenda juu. Inama chini uone, au soma karatasi za gari.

Ikiwa ni haibridi ya magurudumu yote, hakuna shafti inayokwenda nyuma. Magurudumu ya nyuma yana mota yao ndogo ya kilowati 40. Inatosha kukutoa kwenye tope la uwanja wa harusi, au kukushikilia kwenye lami iliyolowa. Haitoshi kukutoa kwenye shimo ambalo lori limelichimba njia ya Buhoma kwa sokwe wa milimani wakati wa mvua. Haina gia nzito ya chini kama Prado, haina fremu chini, na tumbo lake liko kama sentimita 19 kutoka ardhini. Ni gari la familia lenye viatu virefu kidogo. Kwa moramu iliyolainishwa, kwa matuta, kwa kijijini Krismasi, inafaa sana. Mimi naipenda kwa hayo.

Ila chagua viatu vyenyewe. Wanunuzi wetu wanakimbilia Z, toleo la juu la gari hili, kwa sababu ya rimu za inchi 19. Ukuta wa tairi lake ni mfupi, na shimo la barabarani linafika kwenye rimu kabla mpira haujasema kitu. G ina inchi 18, S ina 17. Kwa mtu wa Fort Portal anayelala kijijini kila wiki, ya 17 si aibu.

"Gari litajifungia breki lenyewe"

Litafanya hivyo wakati mwingine, na litapiga kengele bodaboda akikukata mbele, yaani kila dakika mbili. Lakini kamera inayosoma mistari ya barabara inataka mistari. Barabara zetu nyingi hazina, au imefutika. Jambo ambalo madereva hawalijui ni kwamba kamera hiyo inatazama kupitia kioo cha mbele. Lori likirusha jiwe, kioo kikapasuka, ukabandikiwa kingine cha bei ya chini na kamera ikarudishwa bila kupimwa upya, macho yake yanaweza kupinda. Mfumo unaoona vibaya ni afadhali usingekuwepo.

Mengine ni ya haraka. Paa la kioo la Z halifunguki. Ni la kutazama mawingu, linageuka ukungu kwa kubonyeza, na bibi harusi hawezi kusimama hapo akipunga mkono. Kioo cha ndani kinachokutia kizunguzungu si kibovu, ni skrini ya kamera ya nyuma. Vuta kile kijiti chini yake kitarudi kuwa kioo cha kawaida. Redio iliyopangwa kwa Japani inaishia karibu na 95, kwa hiyo CBS ya 88.8 utaipata na Simba ya 97.3 utaimba mwenyewe.

"Nunua la zamani, kodi ni nafuu"

Kodi za msingi, yaani ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18 na kodi ya zuio 6, zinatoka kwenye thamani ya gari, hivyo la bei ndogo linaonekana nafuu. Lakini gari lililozeeka linabeba tozo ya mazingira juu yake. Na tangu sheria ya 2018, lililofikisha miaka 15 haliingii Uganda kabisa. Umri unahesabiwa tangu lilipotengenezwa, si tangu liliposajiliwa, na tarehe hizo mbili zinaweza kupishana. Harrier ya 2020 haina shida hiyo ya miaka 15 leo. Kawundo nyingi za kizazi cha pili ndizo zilizokwisha kufungiwa mlango.

Kuna moja waliyosema wenzangu nikabisha, nikashindwa. Dereva mmoja mzee, mtu wa Tororo, alisema gari hili ni refu la bure. Nikamwambia linaishinda RAV4 kwa sentimita 14 hivi. Akanifungulia buti. Ule mgongo ulioinama, tunaousifia picha, umekula nafasi: lita 409, wakati RAV4 ina 580. Na viti ni vitano tu, hakuna safu ya tatu. Mzee akasimama pale akipima kwa mikono, akauliza: "Baba, mama, watoto watatu, sawa. Mkungu wa matoke wa bibi wanauweka wapi?" Nikaangalia juu ya paa.